Maji Bila Dawa

Jumanne, jua lilipochomoza, vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamekufa, na Shamso alikuwa amewapanga juu ya gunia nje ya banda, vichwa upande mmoja na miguu upande mwingine. Hakuna aliyemwagiza awapange. Mtu akifikwa na jambo asiloliweza, mikono hujitafutia kazi.

Ndani walibaki themanini na tisa, na banda lilikuwa kimya. Wale waliokuwa wakimwamsha kwa kelele kila alfajiri sasa walijikunyata pembeni, mabawa yameanguka, midomo wazi, kila pumzi ikitoka na mkoromo mdogo kama wa mtoto mwenye kifua. Kinyesi chao kilikuwa kijani. Mmoja alikuwa akienda kinyumenyume, shingo imempinda hata jicho moja likatazama mabati, na kila alipogonga ukuta alianguka, akainuka, akaanza tena kinyumenyume. Shamso alimtazama huyo kuliko wote.

"Wangapi?" Ogle, mumewe, aliuliza akiwa nje.

"Kumi na mmoja."

Ogle hakuingia. Tangu vifaranga hao waletwe kwenye boksi kutoka Thika, wiki tatu zilizopita, hakuwahi kuvuka kizingiti cha banda alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alizaliwa Hulugho nyuma ya mikia ya ng'ombe, na kwa watu wake kuku ni kitu cha kuchekwa: hakamuliwi, hapelekwi malishoni, na hakuna aliyewahi kutoa mahari ya kuku. Kule soko la mifugo, alikokwenda kila siku kukaa tu na wenziwe kwa kuwa hakuwa tena na cha kuuza, walishamwita Aabo Digaag, yaani Baba Kuku. Akiwa nao alicheka. Akifika nyumbani hakuwa na kicheko hata cha kuazima.

Alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili. Ukame ukala arobaini na mmoja, na huyo mmoja aliyebaki, mwekundu mwenye pembe moja, Ogle akatembea naye siku tisa hadi Garissa akimlisha maboksi ya dukani pale nyasi zilipokosekana. Shamso alipomwomba amuuze ili wanunue vifaranga, alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa mwezi mzima. Alikuwa hata amewatafuta wazee wa kumsemea. Ogle alisema, "Muuzeni," papo hapo, bila kuinua kichwa, na kesho yake ng'ombe akaenda. Shamso alishangaa, kisha akashukuru, kisha akaacha kulifikiria.

Sasa vifaranga mia moja ndio waliokuwa mali yote ya nyumba hiyo. Mwenye mkahawa mmoja karibu na chuo kikuu alikuwa ameahidi kuwachukua wote wakishakua. Wasipokua, ilibaki njia moja, na Ogle alikuwa ameitaja mara mbili bila kuulizwa: kurudi Hulugho kumchungia binamu yake Salah ng'ombe wake. Mtu aliyekuwa na zizi lake awe mtumwa wa zizi la mwenziwe, na binti yao Nimo, aliyekuwa kidato cha tatu, shule yake iishie hapo.

"Mwiteni yule mama wa dawa," Ogle alisema, akaokota gunia na kwenda kuchimba shimo.

*

Kasyoka alifika kabla ya adhuhuri na mfuko wake wa kazi begani. Alikuwa mzaliwa wa Kitui, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiuza dawa za mifugo na vifaranga katika kiduka kimoja upande wa sokoni. Kina mama wa mtaa huo walimwamini kwa sababu hakuwa na tabia ya kubahatisha: dawa asiyokuwa na hakika nayo hakukuuzia, hata umbembeleze vipi. Yeye alimwita Shamso Mama Olow, kama alivyomzoea tangu siku alipomjua akiwa na mtoto huyo mgongoni. Mtoto alikuwa ameshakufa. Kasyoka hakujua namna ya kuliacha jina hilo, na Shamso hakuwahi kumwambia aliache.

Aliingia bandani, akapiga magoti kwenye maranda, akamshika kifaranga mmoja, akamfungua mdomo, akamwinua mkia. Akamtazama kwa muda yule wa kinyumenyume.

"Kama ningekuwa sijui historia ya hawa, ningesema ni kideri," alisema. "Kila kitu kinasema kideri. Lakini hawa si walipata chanjo? Chupa moja na wale wa Amran."

Amran alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Boksi lilikuwa moja. Shamso alichukua mia, Amran hamsini, na siku ya saba wakagawana chupa moja ya chanjo. Vifaranga wa Amran walikuwa wazima. Kelele zao zilisikika hadi hapo, na siku hiyo zilimuudhi Shamso kama kicheko matangani.

Kasyoka aliuliza habari za chakula, na joto, na kama kuku wa mtu mwingine amewahi kuingia. Shamso akajibu kila swali kwa ukweli. Kisha Kasyoka akafuta mikono kwa kanga.

"Na ile chanjo, ulitia kwa maji gani?"

"Ya mto," Shamso alisema.

"Bila dawa ya maji?"

"Bila dawa."

"Hata kidogo, Mama Olow?"

"Si nimekwambia, walaal, dada yangu."

Hakusema wallahi. Alilihisi neno hilo likipanda kooni, akalirudisha, akashukuru Mungu kwamba Kasyoka hakuwa Mwislamu wa kumtaka aape. Kasyoka alimwamini bila kiapo. Akasema basi kideri tuiondoe, chanjo haiwezi kufanya kazi kwa Amran ikakataa kwa Shamso. Huenda ni kifua kibaya, ugonjwa wa hewa, nao una dawa. Akatoa unga wa manjano, akaeleza vijiko vingapi kwa lita ngapi, mara ngapi, siku ngapi. Mlangoni akageuka.

"Ingekuwa kideri singekuuzia hata hii. Kideri haina tiba. Yule ameshikwa ameshikwa. Ila ambaye bado, huyo unaweza kumwahi na chanjo, ukikimbia."

Shamso alisema haye, ameelewa, na akasimama na ule unga mkononi mpaka Kasyoka akapotea nyuma ya nyumba za watu.

*

Sasa ni lazima yasemwe aliyoyafanya Shamso, maana baadaye watu walisema alikosea kwa kuwa Kiswahili chake ni kidogo, na huo ni uzushi. Alielewa kila neno. Siku ile ya saba Kasyoka aliwaita yeye na Amran dukani akawaeleza polepole, akirudiarudia. Chanjo ni kitu kilicho hai. Dawa ya maji kazi yake ni kuua vilivyo hai ndani ya maji, nayo haichagui. Kwa hiyo maji yachotwe mtoni, yachujwe tope, yatiwe kijiko cha maziwa ya unga, wala yasione kidonge. Amran aliuliza mara mbili. Shamso hakuwa na haja ya kuuliza.

Aliteremka mtoni mwenyewe. Akachota, akabeba, akachuja kwa shuka, akasimama mbele ya beseni. Vifaranga mia, walionyimwa maji tangu alfajiri ili wapate kiu, walikuwa wakimlilia. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo mkono wake ukagoma.

Mwaka wa mafuriko Tana ilikuwa imewaingilia nyumbani usiku mmoja, wakahamia kambini chini ya turubai. Watu wa msaada waligawa vidonge vya maji, kila familia pakiti zake. Ogle alipanga foleni kutwa nzima na akarudi mikono mitupu. Alisema foleni ilikatwa mbele yake. Olow alikuwa na miaka mitano, na alikuwa na kiu. Alilia asubuhi, akalia adhuhuri, na alasiri Ogle akiwa ameenda kumtazama ng'ombe wake, Shamso akamtekea mtoto kikombe cha maji ya mto kama yalivyo. Alikunywa chote akaomba cha pili, akapewa. Siku ya tatu wakamzika upande wa juu, penye ardhi kavu.

Ogle hakuwahi kumuuliza mtoto alikunywa maji gani. Shamso aliona huo ni utu wa mumewe, na kwa sababu ya utu huo hakuweza kumwambia.

Tangu hapo hakuna tone lililonyweka katika nyumba hiyo bila kidonge. Ogle ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alinunua vidonge kabla ya sukari, akavitia mwenyewe, akakaa kando ya pipa akitazama saa kwenye simu mpaka nusu saa itimie. Hata mbuzi wa jirani akija kunywa, alikunywa maji yenye dawa.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Shamso alitia kidonge kwenye beseni, akangoja nusu saa, ndipo akatia chanjo na maziwa. Vifaranga walikunywa wote, wakapandiana migongo, na yeye akawatazama kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyetenda wema mara mbili.

*

Jumatano walikufa kumi na tisa. Nimo aliporudi kutoka shuleni alikaa kibarazani akasoma karatasi ya ule unga wa manjano, Kiingereza chote, mbele na nyuma.

"Hooyo, hii dawa ni ya bakteria," alisema. "Kama hii kitu ni kideri, tunawapea tu juisi."

Mama yake alimwambia ale chakula chake.

Usiwe mwepesi wa kumlaumu. Kusema kidonge ilikuwa ni kusema kikombe. Angeanza na vifaranga na angeishia kwa Olow, kwa sababu Ogle angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu. Kila asubuhi alijiambia kwamba ule unga huenda ukafanya kazi, na kila mtu aliyewahi kuficha kitu anajua jinsi neno huenda linavyoweza kumshikilia mtu siku nzima. Mficha maradhi kilio humfichua. Shamso aliijua methali hiyo tangu madrasa, na aliwaona vifaranga wakimlilia mbele ya macho, na bado hakusema.

Aliwapa maji kwa kijiko mmoja mmoja. Yule wa kinyumenyume alikufa mkononi mwake Jumatano baada ya swala ya alasiri, akiwa mwepesi hata Shamso hakujua ni wakati gani hasa.

Alhamisi walikufa ishirini na watatu. Ogle hakuchimba shimo. Aliwatia wote katika mfuko wa sukari, akaufunga, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kumrudishia mwenyewe mali yake," alisema. "Chupa ya Amran ilikuwa nzima, yetu ilikuwa imekufa. Alitujua sisi ni watu wa ng'ombe, hatujui kuku. Ng'ombe wangu wa mwisho, Shamso. Mwanamke yule alimla kwa chanjo ya maji matupu."

Chupa ilikuwa moja. Shamso alitaka kusema hilo, hilo tu, na hata hilo likamshinda. Akajitupia mtandio kichwani akamfuata.

*

Kiduka cha Kasyoka kilikuwa na wateja watano au sita: kina mama wa chakula cha kuku na wazee wawili waliokuja kutafuta dawa ya kupe. Ogle aliwapita wote, akaumimina mfuko juu ya kaunta. Vifaranga walisambaa kati ya mizani na chupa, wengine wakaanguka sakafuni. Harufu ilipanda mara moja.

"Wewe mama, hii kuku yako," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho kila p iligeuka b. "Wewe nauza mimi dawa imekufa. Sasa kuku bia imekufa. Mimi natoa ng'ombe, wewe naba mimi hii. Watu yote aone."

"Mzee, tafadhali," Kasyoka alisema. "Njoo huku nyuma tuongee."

"Nyuma habana. Hapa. Watu asikie."

Na watu walisikia. Mama mmoja aliirudisha paketi aliyokuwa ameshaishika, akaiweka kwenye rafu taratibu kama asiyetaka kuonekana, akatoka. Wa pili akamfuata. Mzee mmoja alisema kwa Kisomali kwamba hao wa kuja ndivyo walivyo, wanakuja na mfuko mmoja wanaondoka na malori, na mwenziwe akaguna kukubali. Kasyoka hakujua Kisomali cha kutosha kulijibu neno hilo, lakini alikijua cha kutosha kulielewa. Alianza kuwaokota vifaranga mmoja mmoja kwa mikono mitupu, akiwarudisha katika mfuko, na kila alipomwinua mmoja alimtazama, kwa mazoea ya kazi, kana kwamba hata sasa huenda akaona kitu.

Kisha akamwona Shamso mlangoni.

"Mama Olow," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nimekaa na nyinyi miaka kumi na miwili. Nilikuja kambini na dawa za mbuzi wakati hakuna mtu alikuwa anakuja. Nitakuuliza mbele ya hawa watu, na chochote utasema mimi nitakubali. Ile siku ulitia maji gani?"

Duka zima lilimgeukia. Shamso alimwona Ogle, mkono mmoja bado juu ya kaunta, uso umejaa haki. Akamwona Kasyoka na kifaranga kiganjani. Alifikiri atasema ya mto. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Nilitia kidonge," alisema.

Ogle alimwambia kwa Kisomali anyamaze, amechanganyikiwa kwa joto.

"Sijachanganyikiwa. Nilitia kidonge. Yeye alisema tusitie, Amran hakutia, mimi nilitia." Akarudia kwa Kiswahili, sentensi moja moja, ili Kasyoka naye asikie. "Dawa yake ilikuwa zima. Mimi ndiye niliua."

Kasyoka aliweka kifaranga chini. Shamso alingoja kutukanwa, na matusi yangekuwa nafuu.

"Siku tatu," Kasyoka alisema mwishowe. "Siku tatu nawapea dawa ya kifua watoto wa kideri. Jumanne ulikuwa na wangapi wenye hawajashikwa? Hamsini? Sitini? Ningewachanja Jumanne saa hiyohiyo." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Uliniangalia kwa macho, Mama Olow."

"Nilikuangalia," Shamso alisema.

Kasyoka alikwenda kwenye friji, akasimama ameupa mgongo umati, akasimama sana. Aliporudi alikuwa na sauti ya dukani. Chupa imebaki moja. Jioni hii wale walio wazima watolewe banda lile, wahamishiwe mahali pengine pasipokanyagwa na wagonjwa. Kesho asubuhi binti aje na flaski ya barafu kuichukua. Wasipewe maji kuanzia alfajiri. Maji ya kuchanjia yatoke mtoni, na yatoke mtoni tu.

"Wengine watakufa hata hivyo, usije kunirudishia," alisema. "Na mimi kwenu sitakuja tena. Chukueni mfuko wenu."

Ogle ndiye aliyeuchukua. Aliubeba mbele yake kwa mikono miwili, na watu wakampisha njia.

*

Njia nzima Ogle alitangulia na mfuko. Shamso alimfuata hatua tano nyuma, akingoja. Alikuwa ameyapanga majibu yote, na la mwisho lilikuwa kikombe. Walipofika Ogle hakuuliza. Alichimba shimo, akafukia, akanawa, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye kibanda cha yule ng'ombe mwekundu, ambacho hakuna aliyekigusa tangu auzwe. Akakifagia. Akatoa samadi kavu na kamba ya kufungia, akamwaga majivu, akaziba matundu kwa makuti ya mkoma.

Nimo na mama yake waliwachagua waliokuwa bado wanasimama wima. Walikuwa thelathini na wanane. Wakawahamisha katika boksi lilelile walilokuja nalo, na thelathini na wanane walienea humo wakabakiza nafasi.

Ijumaa baada ya swala ya alfajiri Shamso alichukua jerikeni. Ogle alikuwa amemtangulia mlangoni. Waliteremka pamoja mtoni huku mwanga ukitoka. Tana ilikuwa tulivu, ya kahawia, na ng'ambo kulikuwa na mtu mmoja anaosha mkokoteni. Ogle alimpokea jerikeni, akakanyaga matope, akaizamisha na kuingoja ijae, akirudi nyuma kidogo kwa ajili ya mamba. Aliiweka kati yao. Hakuibeba.

"Mtoto alikunywa haya," Shamso alisema. Hakuwa amepanga kuanza hivyo. "Nilimpa mimi. Ulikuwa kwa ng'ombe. Alilia sana nikampa, vikombe viwili. Ndiyo maana kidonge."

"Najua."

"Hujui. Sijawahi kukwambia."

"Angekunywa nini kingine?" Ogle alisema. Alikuwa akitazama maji. "Foleni haikukatwa."

Shamso hakuelewa.

"Nilipewa," alisema. "Pakiti mbili, za wiki mbili. Nilipokuwa narudi nikamkuta mtu wa punda anauza nyasi kwa gunia, na ng'ombe alikuwa siku ya nne hajala, amelala, hainuki. Sikuwa na shilingi. Yule mtu alikuwa na watoto kambini, akasema nipe vidonge. Nikampa. Nilifikiri kesho watagawa tena. Hawakugawa tena mpaka wiki iliyofuata. Ulidhani nilimuuza yule ng'ombe kwa sababu ya maneno yako? Nilikuwa siwezi kumtazama. Alikuwa ananenepa."

Ng'ambo mtu wa mkokoteni alikuwa akiimba. Shamso alitaka kumpiga mumewe, na alitaka kukaa chini, na alitaka awe hakusikia. Katika yote matatu hakufanya hata moja. Miaka yote hiyo alikuwa ameubeba msiba huo peke yake akidhani anamlinda mtu huyu. Aliinama, akainua jerikeni, akaiweka begani. Ogle alinyoosha mikono kumsaidia. Akampita.

*

Nimo alikuwa amerudi na flaski. Shamso alichuja maji kwa shuka, akatia kijiko cha maziwa ya unga, akaifungua chupa ndani ya maji kama alivyofundishwa, akakoroga. Aliingia na beseni katika kibanda cha ng'ombe. Vifaranga thelathini na wanane wenye kiu walimkimbilia miguuni.

Pipa la maji lilikuwa hatua sita kutoka hapo, na juu yake, mahali pake pa kila siku, pakiti ya vidonge. Aliiona. Kila kitu ndani yake kilimwambia asiwape, na akawatazama vifaranga wale wakilia kwa midomo wazi, akaliweka beseni chini kwa haraka, kabla hajabadili nia, na akarudisha mikono nyuma ya mgongo akaishikanisha.

Walikunywa. Walichovya, wakainua vichwa, wakameza, wakachovya tena. Mmoja alikuwa dhaifu, hakuweza kupenya. Ogle, ambaye alikuwa amesimama nje, aliinamisha kichwa chini ya paa akaingia. Akapiga magoti kwenye majivu, akamshika yule dhaifu kwa vidole vile vikubwa vya kushikia pembe, akamchovya mdomo majini, akangoja ameze, akamchovya tena. Walikaa hivyo, yeye upande mmoja wa beseni na mkewe upande wa pili, wakitazama maji yakipungua. Ni wangapi wangeiona Ijumaa nyingine, hilo Kasyoka mwenyewe hakulijua.

"Hizo nyasi," Shamso alisema bila kumtazama. "Gunia lilikuwa limejaa?"

Ogle alimchovya kifaranga, akangoja ameze.

"Nusu," alisema.